Picha ya Migongo

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Magoti yanaendeleaje? Najua utajibu "yapo tu", kama unavyojibu miaka yote, kwa hiyo naomba nimuulize mama akuseme. Je, mahindi ya bondeni yamepona na nguruwe pori mwaka huu? Na yule jogoo mwenye kisirani bado anafukuza wageni, au alishaingia chunguni? Mimi sijambo. Kikohozi cha vumbi kimeniacha, mke wangu mzima, watoto wanakula kama mchwa. Tunamshukuru Mungu, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Alhamisi ile uliponipigia, ulimaliza kwa kusema, "Haya si maneno ya simu," kisha ukakata. Nimekutii. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Songea, mtu ninayemfahamu, na ndani ya bahasha utakuta miwani na picha moja iliyofungwa kwenye karatasi ya kaki. Miwani vaa sasa hivi. Picha usiifungue mpaka nikuambie. Najua wewe ni mtu wa kuanza na nyama ndipo ugali, lakini leo nivumilie mwanao.

Kazi yangu unaijua kwa kusimuliwa tu. Nachora mabango ya maduka: vinyozi, mafundi cherehani, mabucha, wauza viatu. Siku hizi mashine zinachapa bango kabla chai haijapoa, na wengi wetu wamerudi makwao au wameshika kazi nyingine. Mimi bado nipo hapa kibarazani, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, kwa sababu wapo wateja wanaopenda mkono wa mtu. Pembeni yangu anakaa Mudi, fundi wa makobazi, rafiki yangu mwenye mdomo usio na breki.

Miezi miwili iliyopita aliniita mama mmoja, Bi. Zuwena, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Ni Mwarabu wa hapa hapa Kariakoo, baba yake alizaliwa humu humu, na yeye amekupita wewe kwa miaka miwili mitatu hivi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kama anayepima kitambaa.

"Wewe ndiye uliyemchora yule ng'ombe wa buchani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Anacheka. Anachekea nini, na anakwenda kuchinjwa?"

Ng'ombe wa bango lazima acheke. Akaniambia nikae, akanimiminia chai ya tangawizi, akasukuma sahani ya vitumbua mbele yangu. Ndipo akauliza, "Vita unaweza kuchora?"

Nikasema naweza. Mchoraji wa Kariakoo hasemi siwezi, maana aliye jirani yake atasema naweza.

Akanieleza. Alikuwa na mdogo wake, Nassor, aliyechukuliwa kwenda vita vya Kagera, vile vile ulivyokwenda wewe. Hakurudi. Ilikuja taarifa, na baada ya taarifa halikuja jingine lolote. Waliporudi vijana wa mtaani aliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alisema hakuwa kikosi kimoja na Nassor. "Miaka yote hii nafumba macho nimtafute alipokuwa," akasema, "naona giza tu. Nichoree, mwanangu, nione." Alitaka picha pana kama mlango, ya kutundika ukutani kwenye chumba cha nyuma ya duka anapopumzikia mchana.

Hakuniambia zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kujifanya unajua, na mimi nilijifanya.

Nilipata ubao mzuri, nikaupiga msasa, nikapiga mistari kwa uzi wa chaki kama ninavyofanya kwenye bango lolote, ili kila kitu kikae sawa. Nikachora askari thelathini kwa safu tatu. Juu anga la buluu, nyuma moto wa rangi ya chungwa, mbele bunduki zimeelekezwa upande mmoja. Kila askari nilimpa sura yake, tena nilijisifu kwa sura zile. Wiki nzima nilifanya kazi nikipiga mluzi.

Mudi alikuja na kobazi mkononi, akasimama, akainamisha kichwa.

"Oya Gaude, hawa wanaenda vitani au wametoka kwa kinyozi?"

"Acha utani, Mudi."

"Si utani, kaka. Cheki hiyo mitindo. Huyu panki, huyu kiduku, huyu kanyoa kipara kimepakwa mafuta. Weka bei kabisa chini."

Nikatazama, na kweli, baba. Mkono wangu umejifunza kuchora watu kwenye vibao vya saluni. Sikujua kumchora mtu ila akiwa amenyolewa, amenitazama usoni, anasubiri kupendwa. Askari wangu wote thelathini walikuwa wanasubiri kupendwa. Nikamkasirikia Mudi siku mbili, kwa sababu alisema kweli.

Pamoja na hayo nilimpelekea Bi. Zuwena chumba cha nyuma, nikitumaini jicho lake halitakuwa kali kama la Mudi. Alianza kwa kucheka kidogo, mkono mdomoni. Halafu hakucheka tena.

"Gaudensi," akasema, "hapa ndipo ninapotandika mswala wangu. Nitaswalije na wanaume thelathini wananikodolea macho?"

Niliona aibu. Nimeishi na Waislamu miaka yote hii, nakula pilau zao za Idi, na sikufikiri hata mara moja kwamba wapo wasioweka sura ya mtu mahali pa sala. Nikaomba radhi. Kisha akasema lililoniuma zaidi: "Hata kama ningezitaka sura, hakuna Nassor hapa. Nassor hakuondoka na uso huu. Aliondoka anaogopa."

Nikarudisha ubao kibarazani, nikachovya brashi pana kwenye rangi nyeupe ili nifute. Mkono ukasimama hewani. Nikakumbuka ukuta wa jikoni kwetu Namtumbo.

Wewe unaukumbuka, najua. Nilikuwa darasa la saba. Nilichukua makaa na udongo mwekundu, nikakuchora wewe umevaa kombati, kifua mbele, meno nje, mguu wako umemkanyaga adui kifuani. Niliyachora macho ya adui yakikutazama kwa hofu. Nilikuwa sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Ulirudi shambani, ukakitazama, ukaenda kuchota tope kwenye ndoo, ukafuta kila kitu kwa kiganja. Hukusema neno. Ukanawa, ukala.

Baba, kiganja kile nimetembea nacho miaka ishirini na mitatu. Nilikukasirikia, na nakiri hilo leo kwa maandishi. Nilipanda basi la kuja huku moyo umejaa, nikisema, ngoja nitamwonyesha kama sijui kuchora. Kila bango nililochora hapa mjini nililichora nikibishana na wewe. Na wewe hukujua kama tuna ugomvi.

Basi, ubao ulikuwa mweupe tena na mimi sikujua pa kuanzia. Nikaanza kutazama kwenye simu picha za vita walizochora watu wa zamani, Wazungu na wengine. Wanajua kazi, sitawabeza. Utaona farasi wamesimama kwa miguu miwili, jemadari mkono juu, mwanga wote umemwangukia yeye, na waliokufa wamelala vizuri mbele, nyuso juu, kama wameambiwa wageukie huku. Wapo wachache waliochora wafu bila jemadari, na hizo zilinikosesha raha ya chakula. Lakini kila picha nilijiuliza swali moja: huyu aliyechora alisimama wapi? Maana alionekana kusimama pazuri, penye nafasi, anaona pande zote mbili. Mtu wa vita anapata wapi nafasi ya kusimama hivyo?

Ndipo nikakupigia. Nikakuuliza, "Baba, vitani watu wanaonekanaje?" Nikasikia kuku tu. Ukasema, "Mama yako yuko shambani," ukakata simu. Nikasema moyoni, haya, tope lile lile.

Wiki iliyofuata mvua ilipiga siku tatu mfululizo. Jangwani ikajaa maji, barabara ikafungwa, nikabaki nyumbani Magomeni na watoto. Ningekuwa kibarazani, na kelele za Kariakoo zile, nisingekusikia. Asubuhi ya Alhamisi simu ikaita, ni wewe, umepiga mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu tukununulie ile simu. Uliyoniambia nayaandika hapa kama nilivyoyasikia, ili ukiona nimekosea unisahihishe.

Ulisema, "Uliniuliza. Sikiliza, usinikatize. Hawaonekani. Mimi niliona mgongo. Mbele yangu alikuwepo kijana wa Tanga, amefunga sufuria ya kikosi mgongoni, nikaambiwa fuata sufuria. Migomba, moshi, mvua, matope. Nani yuko kushoto sijui, nani yuko kulia sijui. Tulikuwa tunakimbia, basi. Mara sufuria ikaenda chini. Nikaruka. Nikatafuta mgongo mwingine nikaufuata. Sikugeuka, Gaudensi. Tulikula naye sahani moja mwezi mzima, na sikugeuka."

Ukapumua. Kisha ukasema, "Wewe ulinichora nimeweka mguu juu ya mtu, naye ananitazama. Nilidhani kuna aliyekuambia."

Halafu ndipo ukasema haya si maneno ya simu.

Baba, niliketi kitandani mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nilimwambia hapana. Nililia, lakini si kwa huzuni tu. Nilikuwa nimekubeba miaka yote hiyo kama mtu anayenidharau, kumbe ulikuwa umesimama mbele ya ukuta wa jikoni unaona siri yako imechorwa na mtoto wako. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nisamehe. Na asante kwa kunipigia, najua ile simu ilikuwa nzito kuliko gunia la mahindi.

Maji yalipopungua nilirudi kazini. Safari hii sikushika uzi wa chaki. Sikuweka anga, kwa sababu hukuniambia umeona anga. Nilichukua brashi yangu kuukuu, ile iliyochakaa nywele ambayo hutumika kupakia gundi, nikapiga kijivu na kijani kibichi, nikapiga tena juu yake kabla haijakauka, mpaka nikashindwa mwenyewe kujua jani linaishia wapi na moshi unaanzia wapi. Watu nikawaweka humo, migongo tu. Mwingine nusu yake imekatwa na jani la mgomba, mwingine amekatwa na ukingo wa ubao, bega moja ndani na lingine nje. Kwenye bango huruhusiwi kufanya hivyo: kiatu kisicho na kisigino nani atakinunua? Bango huonyesha kitu kizima. Niligundua kwamba nilikuwa nimevichora vita kama bidhaa.

Chini kabisa niliweka sufuria, imepinduka kwenye matope, kubwa kuliko kitu kingine chochote, na hata hiyo haikuenea kwenye ubao.

Na juu ya sufuria kuna mtu mmoja yuko hewani, anaruka. Huyo sikuhitaji kumtafuta. Tangu nijue kutembea nimekufuata nyuma kwenda shamba, alfajiri, umande mpaka magotini, jembe begani. Uso wako nimeuona mara chache kwa sababu hukuwa mtu wa kugeuka. Lakini mgongo ule, bega la kushoto chini kidogo kuliko la kulia, naweza kuuchora nimefumba macho.

Mudi alikuja, akasimama muda mrefu. Nikangoja matusi. Akasema tu, "Kaka, hapa sitanii," akarudi kwenye makobazi yake. Mudi kukosa la kusema, mtaa mzima ulipaswa kuandika.

Bi. Zuwena aliomba ubao uingizwe chumba cha nyuma, tukautegemeza ukutani. Aliketi kwenye jora la kitambaa akautazama. Chai ilipoa. Mwisho akauliza, "Nassor ni yupi?"

"Sijui, mama. Sikutaka kukudanganya."

Akatikisa kichwa kukubali. "Vizuri. Basi ni yeyote." Kisha akanyoosha kidole. "Na huyu anayeruka?"

Hapa, baba, nina kosa la kukiri, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Sikukuomba ruhusa. Nilimwambia. Nilimwambia huyo ni baba yangu, na sufuria ni ya kijana wa Tanga, na kwamba hakugeuka. Niliyatoa maneno yako ambayo hukuyatoa kwa mama kwa miaka zaidi ya arobaini, nikampa mtu baki. Hasira zako nazingoja, na hata ukifuta tena kwa tope utakuwa na haki.

Alitazama tena sufuria. Akasema, "Wa Tanga. Basi si Nassor." Halafu akaniambia niandike haya, nisiyapunguze, na nimeyaandika siku ile ile nyuma ya risiti ya duka lake:

"Mwambie baba yako anisikilize mimi dada mtu. Na Nassor naye alikuwa na mtu nyuma yake. Huyo mtu nimemchukia tangu nikiwa msichana. Sijui jina lake, sijui kwao, nimemchukia tu, kwa nini alimwacha. Leo nimemwona, kumbe alikuwa mtoto kama Nassor, anaogopa kama Nassor. Angegeuka tungelia nyumba mbili. Mwambie sina kinyongo naye tena. Na kama dada wa yule wa Tanga yuko hai, naye akiona hivi atasema kama mimi. Mwambie alale."

Alitamka lile neno la mwisho, "alale", kwa sauti ile wanayobembelezea watoto. Kisha adhana ikasikika, akatandika mswala wake. Picha ilikuwa upande wa kibla hasa, na watu wangu wote walikuwa wamempa mgongo, wanatazama anakotazama yeye. Nikatoka taratibu nikavaa viatu nje.

Tangu siku hiyo kila asubuhi napata vitumbua vyangu, na yule ng'ombe wa buchani nimemfunga mdomo bila kuombwa wala kulipwa. Mwenye bucha analalamika. Bi. Zuwena ameridhika.

Sasa salamu. Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie khanga alizoziona kwenye simu ya jirani nimezipata, zitakuja na mtu. Dada Skola, mpishi wetu wa shule, mwambie aache kuhesabu ni miezi mingapi sijaja, Krismasi nitakuwa hapo na watoto wote. Mjomba Ditramu, katekista wetu, mwombe aendelee kunitaja kwenye sala, nazihitaji. Shemeji fundi baiskeli msalimie, na ile pampu yangu airudishe.

Nikija, naomba unipe tena ukuta wa jikoni. Safari hii tutaamua pamoja kitakachochorwa, hata kama ni jogoo.

Sasa fungua ile karatasi ya kaki. Picha yenyewe ni ndogo, imepigwa studio ya hapa mtaani, lakini kwa miwani utaona. Wa katikati, aliye hewani, bega la kushoto chini. Usiangalie sufuria kwanza. Angalia nyuma ya huyo anayeruka, kuna mahali peupe kidogo niliacha bila rangi, upana wa kidole. Mudi alidhani nimesahau. Sikusahau. Hapo ndipo niliposimama mimi kuchora, nyuma yako, kama siku zote.

Kama ungegeuka, pasingekuwa na mtu hapo. Asante kwa kuruka, baba.

Mwanao anayekufuata,
Gaudensi